Kioo cha Mashua Hakina Macho

 Natumai chai imekwisha kunyweka, watoto wameanza kugombania ukurasa wa vichekesho, nawe umepata nafasi ya kuketi. Basi karibu tuzungumze kidogo.

Najua leo utanicheka. Utasema, mtu wa Ndalu ana nini na mashua? Huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, tunajua mahindi, ng'ombe wa maziwa na matope ya mwezi wa Aprili. Chombo kikubwa kabisa cha usafiri tunachokijua ni trakta. Lakini usisahau Mto Nzoia. Maji yanayoteremka kutoka milima ya Cherangany na Mlima Elgon, pamoja na mvua inayogonga paa langu la mabati, huishia katika mto huo, na mto huo humimina maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Na vijana wetu wengi, shamba linapokuwa dogo na ndugu ni wengi, hufuata njia iyo hiyo ya maji. Huteremka hadi ziwani kutafuta riziki ya samaki.

Hiyo ndiyo sababu ya barua niliyoipokea majuzi kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo, msichana wa hapa hapa Ndalu. Anasema mjomba wake, khocha kama tunavyowaita sisi Wabukusu, anavua samaki Port Victoria. Mwaka huu mambo yamemwendea vizuri. Amenunua injini mpya na mitambo miwili ya kisasa: chombo cha GPS chenye ramani kwenye kioo, na kipima kina cha maji. Mwezi wa Desemba kutakuwa na harusi katika kisiwa cha Mageta, na mjomba amejitolea kuwavusha jamaa wote bure. Tatizo ni kwamba mchana ana kazi, kwa hivyo anataka waondoke saa mbili za usiku. Mama wa msichana alipoonyesha wasiwasi, mjomba alicheka akasema, "Dada, siku hizi hakuna usiku. Chombo hiki kinaona gizani."

Msichana anauliza: "Mwalimu, ni kweli kinaona gizani? Bibi yangu wa miaka sabini atakuwa ndani ya mashua hiyo, na wadogo zangu wawili pia. Tukubali au tukatae?"

Mwanangu, swali lako si dogo. Nimelitafakari, nimewauliza wanaojua, na leo nakujibu mbele ya wasomaji wote. Kwani hata wewe msomaji wa Nairobi, Kisumu au Mombasa, siku moja utapanda mashua kwenda Lamu, Mfangano au Rusinga, na utamkuta nahodha ameinamia kioo kinachong'aa. Yafaa ujue kioo hicho kinasema nini na hakisemi nini.

CHOMBO KINASIKIA, HAKIONI

Tuanze na hii GPS yenyewe. Huko juu angani, umbali wa kilomita 20,200 hivi, kuna setilaiti za Marekani zinazoizunguka dunia. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo, mfululizo, mchana na usiku. Chombo kilicho mkononi mwa mjomba hakitumi chochote huko juu, kinasikiliza tu. Kinapozisikia setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu ya muda ambao mawimbi yametumia kufika, na kutokana na hesabu hiyo kinajua kiko wapi. Mpango huu ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka wa 1995. Mwanzoni Wamarekani walikuwa wakiuharibu makusudi kidogo kwa sababu za kijeshi, hata raia wa kawaida akawa anapewa jibu lenye kosa la kufikia mita 100. Waliacha jambo hilo Mei 2000, na tangu hapo kosa kwa kawaida ni la mita chache tu. Warusi, Wazungu wa Ulaya na Wachina nao wameweka setilaiti zao, na simu nyingi za leo husikiliza zote.

Kwa hiyo, mwanangu, mjomba wako hakununua takataka. Amenunua kitu cha ajabu ambacho mabaharia wa zamani, waliosafiri kwa nyota na dira, wangelikitamani. Kwa mvuvi wa Port Victoria kina faida nyingine pia: mpaka wa Kenya na Uganda majini hauna ua wala lango, na wapo waliojikuta ng'ambo bila kujua.

Lakini angalia neno nililolitumia. Chombo kinasikia. Hakioni. Kinajua mahali kilipo chenyewe, basi. Ile ramani unayoiona kwenye kioo si picha ya ziwa la usiku huu. Ni mchoro uliochorwa na mtu fulani, siku fulani, ukawekwa humo ndani. Chombo kinachukua alama ndogo ya mashua na kuiweka juu ya mchoro huo. Kama mchoro una kosa, alama itakaa juu ya kosa. Kama waya umekatika, alama inaweza kuendelea kutembea vizuri kabisa, ikikudanganya.

Utasema naongeza chumvi. Basi nikusimulie kisa cha kweli.

MELI ILIYOPOTEA BILA KUJUA

Mnamo tarehe 9 Juni 1995, meli ya abiria iitwayo Royal Majesty iling'oa nanga katika visiwa vya Bermuda kuelekea mji wa Boston, Marekani. Ndani yake mlikuwa na watu 1,509. Haikuwa mashua ya kuungaunga. Ilikuwa na GPS, ilikuwa na rada, ilikuwa na kipima kina, na ilikuwa na usukani wa kujiendesha uliofuata njia iliyopangwa bila mtu kuushika.

Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Waya mmoja tu. Chombo hakikuzimika. Kilipokosa kuzisikia setilaiti, kikaanza kukisia: tulikuwa hapa, tunaelekea kule, kwa mwendo huu, basi sasa lazima tuko pale. Kilionyesha herufi chache ndogo pembeni mwa kioo kueleza kwamba sasa kinakisia. Hakuna aliyezitilia maanani. Na ubashiri wa namna hiyo haujui kwamba upepo na mkondo wa maji vinaisukuma meli upande.

Maafisa wa zamu hawakuwa wavivu. Kila saa waliangalia mahali walipo na kulinganisha. Lakini walilinganisha nini na nini? Walilinganisha GPS na mtambo mwingine uliokuwa ukipokea habari zake kutoka kwa GPS iyo hiyo. Ni kama kumuuliza shahidi mmoja mara mbili halafu ukasema una mashahidi wawili! Palikuwa na chombo kingine tofauti kabisa ndani ya meli, kilichotumia mitambo ya nchi kavu, na chenyewe kilikuwa kikisema kweli. Hawakukitumia kuhakikisha.

Jioni ya siku ya pili ishara zilianza kuja. Afisa mmoja aliona kitu kwenye rada, akadhani ni boya alilolitarajia. Halikuwa hilo. Afisa aliyefuata alitakiwa kuliona boya la pili. Hakuliona, lakini akamwambia nahodha kwamba wamelipita. Walinzi wa kutazama mbele waliripoti taa mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na taa. Kisha wakaripoti maji ya rangi ya samawati na meupe mbele yao, ishara ya maji mafupi. Maafisa waliamini kioo kuliko macho ya watu. Kipima kina je? Kengele yake ya hatari ilikuwa imewekwa kwenye sifuri, yaani isilie mpaka hakuna maji kabisa chini ya meli!

Usiku huo wa tarehe 10 Juni, Royal Majesty ilipanda juu ya fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket. Ilikuwa imekosea njia kwa maili 17 za baharini, zaidi ya kilomita 30. Kwa muda wa zaidi ya saa 30 watu wale walikuwa wamepotea, na hakuna hata mmoja wao aliyejua. Mungu aliwanusuru, hakuna aliyekufa. Lakini hebu fikiria, msomaji wangu: kama maafisa waliosomea kazi hiyo, wenye mitambo ya mamilioni, wanaweza kudanganywa na waya mmoja, sembuse mjomba wa watu katika mashua ya mbao?

Funzo langu la leo limo humo. Chombo hakipotezi mashua. Mashua hupotea siku ile nahodha anapoacha kukiuliza chombo maswali.

AMBAYO KIOO HAKIYAJUI

Sasa turudi kwetu Ziwa Victoria. Ni ziwa kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800, ingawa sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Ni mambo gani ya ziwa hili ambayo kioo cha mjomba hakiyajui?

Kwanza, nyavu. Kila jioni wavuvi hutega nyavu zao, na kamba na vyelezo vyake hubadilika mahali kila siku. Hakuna ramani duniani yenye nyavu za leo. Kamba moja ikijisokota kwenye panga la injini, mashua hukwama palepale, ubavu ukiwa umeelekea mawimbi.

Pili, gugu maji. Jani hili husukumwa na upepo. Asubuhi njia ni nyeupe, jioni imezibwa.

Tatu, mashua nyingine. Meli kubwa na za abiria huwa na mtambo uitwao AIS, unaotangaza jina la meli, mahali ilipo na inakoelekea. Baadhi ya GPS za kisasa huonyesha alama hizo, na mtu akiona kioo kitupu hudhani ziwa ni tupu. La hasha! Mtumbwi wa mvuvi asiye hata na tochi hauna AIS, na kwa kuwa ni wa mbao na umelala chini majini, hata rada huweza kuukosa.

Nne, mchanga. Hapa sisi watu wa Ndalu tuna hatia kidogo. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba yetu husafiri na Nzoia mpaka mdomoni mwa mto. Kila baada ya mafuriko ya Budalang'i, mafungu ya mchanga na tope huhama. Ramani iliyotengenezwa miaka iliyopita haiwezi kujua kwamba shamba langu sasa liko chini ya mashua yako.

Mjomba atasema ana kipima kina. Vyema. Lakini kipima kina hupima maji yaliyo chini ya mashua, si yaliyo mbele yake. Kinakuambia juu ya mwamba ukiwa umeshaufikia. Mabaharia wa pwani walipiga bildi, yaani waliteremsha risasi kwa kamba kupima maji, lakini walipofanya hivyo walipunguza mwendo kwanza. Mtambo wa umeme haujaondoa haja hiyo ya kwenda polepole. Na kengele yake iwekwe kulia mapema, maji yakiwa bado yanatosha kugeuza mashua.

Tano, mpimaji wa ramani. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa vipimo ambavyo si sawa na vipimo vya GPS. Ukisoma mahali ulipo kwenye GPS, kisha ukapatia alama juu ya ramani hizo za zamani za karatasi bila kurekebisha, utakosea kwa mita zipatazo 300. Hapa Ndalu kosa hilo litakutoa kwenye boma lako likupeleke kwa jirani. Majini, usiku, mita 300 ni tofauti kati ya mlango wa bandari na mwamba.

KOSA LA HERUFI MOJA

Kuna mtego mwingine ambao ni wa sehemu zetu hasa, na wanafunzi wa jiografia watanielewa upesi.

Port Victoria iko kaskazini mwa ikweta. Mageta iko kusini mwa ikweta. Mjomba atakapowavusha, atauvuka mstari huo katikati ya maji. Sasa, mtu akiingiza katika chombo namba za mahali anakokwenda, kuna herufi ndogo ya kuonyesha kaskazini au kusini. Ukikosea herufi hiyo, namba zote zingine zikiwa sahihi, chombo hakitakukaripia. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Mahali palipo dakika tano kusini ya ikweta, ukipaandika kaskazini, umekosea kwa dakika kumi, yaani kilomita 18 na nusu. Nawe utafuata mshale kwa imani kubwa!

Vile vile kuna njia zaidi ya moja ya kuandika namba hizo. Wengine huandika digrii na dakika, wengine digrii na desimali. Nukta nane ya digrii si dakika nane. Ni dakika 48. Rafiki akikusomea namba kwenye simu, mwulize kwanza anaandika kwa mtindo gani.

Halafu kuna ule mshale wenyewe. Ukiuambia chombo "nipeleke Mageta", vyombo vingi vidogo huchora mstari ulionyooka kutoka ulipo mpaka unakokwenda. Mstari ulionyooka haujali kisiwa, mwamba wala matete. Njia nzuri hupangwa kwa vituo vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa kimekaguliwa kwenye ramani, tena mchana, na mtu aliyetulia, si na mtu anayeendesha injini huku abiria wanapiga kelele.

WAYA, BETRI NA PETROLI

Wapo wanaosema, "Mimi sihitaji GPS, nina simu." Simu ina GPS ndani yake, ni kweli, tena hufanya kazi hata pasipo mtandao. Lakini picha ya ramani mara nyingi hutoka kwenye mtandao, na ukifika katikati ya ziwa mtandao ukakatika, utabaki na alama yako juu ya karatasi tupu. Anayetegemea simu aihifadhi ramani ndani ya simu kabla ya kuondoka nyumbani. Na simu hiyo hiyo ndiyo itakayotumika kuita msaada. Ukiimaliza betri kwa kutazama ramani, utaita kwa nini? Iweke moja ndani ya mfuko usiopenya maji, imejaa chaji, na isiguswe.

Kwa chombo kilichofungwa kwenye betri ya mashua, chunguza viungo vya waya. Maji na kutu ni maadui wakubwa. Kila waya uwe na fyuzi yake. Tena betri isikae karibu na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito, hujikusanya chini ya mashua, na cheche ndogo ya waya uliolegea inatosha kuleta maafa. Nahodha asiunganishe waya wala kuchaji simu mahali anapomimina petroli.

Na dira? Mjomba asiitupe. Dira haitaki betri wala setilaiti. Lakini ina wivu: haipendi chuma, sumaku wala spika. Ukiiweka simu au redio kando yake, sindano itageuka na kukudanganya. Iache mbali nazo, mita moja hivi, kisha uijaribu ukiwa nchi kavu. Hivyo utakuwa na mashahidi wawili wa kweli, si mmoja anayeulizwa mara mbili.

Jambo la mwisho juu ya mwanga. Jicho la mtu huhitaji kama nusu saa kulizoea giza vizuri. Kioo kinachong'aa huiharibu hali hiyo kwa sekunde chache. Nahodha anayekodolea kioo macho usiku, kisha akainua uso kutazama mbele, kwa muda fulani ni kipofu. Mwanga wa kioo upunguzwe, na pawepo mtu mwingine ambaye kazi yake ni kutazama mbele tu na kusikiliza.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikivuka kwenda matanga katika kisiwa kimoja, tena mchana. Kijana aliyeshika usukani alikuwa ameinamia simu yake akifuata mstari wa ramani. Sisi wazee tulikuwa tukizungumza habari za marehemu. Ghafla mtoto wa kama miaka kumi, aliyeketi mbele kabisa, akapaza sauti: "Gogo! Gogo!" Kijana aliinua macho, akakata usukani, na gogo kubwa, pengine lililoletwa na mafuriko, likapita ubavuni mwetu kwa urefu wa mkono. Katika simu yake njia ilikuwa safi kabisa. Tulisalimika kwa macho ya mtoto asiyejua hata kusoma ramani.

UZITO HAUNA MTAMBO

Kuna hatari ambayo hakuna kioo kitakachoionyesha. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliidhinishwa kubeba abiria 101. Waliothibitishwa kufa peke yao walifika 228. Kivuko hicho hakikupotea njia. Kilikuwa kimebakiza mita chache kufika gatini. Hata mtambo wa GPS wa dhahabu usingewasaidia.

Na kuna hali ya hewa. Katika ziwa letu, mvua kubwa za radi aghalabu hujikusanya usiku na alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji; upepo hutoka pande zote za ufuo kuelekea katikati, hewa hugongana, hupanda juu, na mawingu hujaa. Ndiyo maana jioni inaweza kuwa shwari kama maziwa ndani ya kibuyu, na saa saba za usiku ziwa likawa linachemka. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa ziwani. Usikilizwe kabla ya safari, na ukiwa mbaya safari iahirishwe, hata kama ng'ombe wa harusi ameshachinjwa.

JIBU LANGU

Mwanangu wa Ndalu, umeniuliza mkubali au mkatae. Kataeni usiku. Msimkatae mjomba.

Mwambieni hivi kwa heshima, kwani ni mtu wa kupendwa na nia yake ni njema: "Khocha, tunajua una chombo kizuri. Tunaomba utuvushe asubuhi, jua likiwa limetoka, ili chombo chako kiwe na macho yetu ya kukisaidia." Akisema mchana ana kazi, jamaa wote wachange kidogo kidogo mumlipe hasara ya siku moja. Siku moja ya samaki ni rahisi kuliko hesabu ya bibi mmoja. Au msafiri kwa gari mpaka Usenge, ambako maji ya kuvukia kwenda Mageta ni mafupi zaidi, mkavuke mchana.

Na kabla ya kuingia ndani, muulizeni maswali haya, wewe na msomaji yeyote atakayepanda mashua:

Mashua inaruhusiwa kubeba watu wangapi, na tuko wangapi? Kila mtu ana jaketi la kuokoa maisha, na limevaliwa, si kukaliwa? Watoto wana ya saizi yao? Nani anatazama mbele wakati nahodha anatazama kioo? Kioo kikizimika sasa hivi, utatufikishaje? Kuna dira, tochi, kasia na kitu cha kupigia kelele? Nani aliyebaki nchi kavu anajua tumeondoka saa ngapi, tuko wangapi na tunatarajiwa saa ngapi, ili tukichelewa apige mbiu?

Kama mashua ina redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada, na zaidi ya mtu mmoja ajue kuitumia. Tena wewe uliyesoma, jifunze kuzisoma namba za GPS kwa sauti, pamoja na ile herufi ya kaskazini au kusini. Siku nahodha akiumia, wewe ndiwe utakayewaambia waokoaji mlipo. Hapo chombo cha mjomba kitakuwa kimelipa bei yake yote kwa dakika moja.

Nahodha mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Atakayekasirika, mshukuruni, mteremke, mngoje mashua nyingine.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Siku hizi, msomaji mpenzi, nadhani yatupasa tuambiane. Tumezungukwa na vioo vinavyong'aa, na kila kimoja kinatuomba tuinamishe kichwa. Mjomba anainamia ramani, kijana anainamia simu, na gogo linakuja.

Nikutakie Jumapili njema wewe na wa nyumbani kwako. Na wewe binti, nitangoja barua yako mwezi wa Januari. Nataka kusikia bibi alicheza vipi kwenye harusi hiyo.